Mbona Kila Mtu Akifika Chicago Lazima Apige Picha na Mlango wa Sinema?

Oktoba 8, 2023, ulikuwa wapi? Mimi nilikuwa keja, simu mkononi, bando inakaribia kuisha, nikicheki Kelvin Kiptum akipasua barabara za Chicago. Alimaliza kwa 2:00:35. Rekodi ya dunia. Mtaani kwetu watu walipiga nduru ungedhani ni penalti. Februari iliyofuata akatuacha kwa ajali ya gari, na tangu hapo nimeirudia hiyo mbio mara sijui ngapi.

Kwa hiyo kuirudia ndio niligundua kitu. Mbio haijafika hata kilomita 5, wakimbiaji wanateremka barabara moja inaitwa State Street, na hapo kando kuna bango refu jekundu, herufi zimepangwa kutoka juu kushuka chini: C, H, I, C, A, G, O. Brigid Kosgei alipita hapo 2019 akienda kuvunja rekodi yake ya 2:14:04. Kiptum akapita hapo. Mimi kwa ushamba wangu nilidhani hiyo ni kazi ya kanjo wa huko, wameweka bango la kukaribisha wageni, ile ya "umefika, lipa parking".

Zi. Hiyo ni sinema. Inaitwa Chicago Theatre, na lile bango ni la mlango wake tu. Na bado ukicheki picha za watu wenye wameenda huko, yule binamu yako wa majuu akiwemo, kila mtu amesimama hapo chini. Mji una maghorofa ya kutisha, una ziwa kubwa kama bahari, lakini watu wanachagua kusimama chini ya mlango wa sinema yenye wengi wao hata hawajawahi kuingia. Nikasema lazima nijue kwa nini.

Kwanza, tusichanganyane majina

Pale nje kuna vitu viwili. Cha kwanza ni hilo bango refu lenye limesimama wima, karibu urefu wa gorofa sita. Cha pili kiko chini yake, juu tu ya mlango: kipaa kimetokeza mpaka juu ya njia ya watembea kwa miguu, kimezungukwa na taa, na ubavuni kimeandikwa show ya siku hiyo. Hicho kipaa ndio kinaitwa markii.

Neno lilitoka kwa Wafaransa na kazi yake ya kwanza haikuwa mbwembwe. Ilikuwa kukukinga mvua. Umeshuka kwa gari, umepiga luku, uko kwa laini ya tiketi, hutaki kunyeshewa. Baadaye wenye masinema wakafikiria: kama tayari tuko na paa hapa nje, na kila mtu anapita chini yake, mbona tusiandike pembeni nani ako ndani leo?

Na mbona lile bango lingine lisimame wima? Hii ukielewa, hutatembea tao vile ulikuwa unatembea. Bango likibandikwa bapa kwa ukuta, mwenye ataliona ni yule amesimama ng'ambo ya barabara. Lakini watu hawatembei wakiangalia kuta. Wanatembea kando ya nyumba, macho mbele. Kwa hivyo unachomoza bango kutoka kwa ukuta, liwaangalie wale wanakuja, na kwa sababu upana ni shida unapanga herufi moja juu ya nyingine. Sasa hata msee ako mbali sana anasoma. Bango refu linaongea na mtu wa mbali, linamwambia "ni huku". Markii inangoja akifika, inamwambia "leo ni fulani".

Jengo la kukufanya ujihisi tajiri

Chicago Theatre ilifunguliwa Oktoba 26, 1921. Wenye waliijenga ni mabeshte wawili kibiashara, Balaban na Katz, familia za kawaida tu zenye zilianza na kumbi ndogo mitaani. Wachoraji wa ramani walikuwa ndugu wawili, Cornelius na George Rapp. Jengo lilimeza karibu dola milioni 4, na hiyo ni milioni 4 ya 1921. Uso wa nje ukaigwa kutoka Arc de Triomphe ya Paris. Ngazi za ndani zikaigwa kutoka jumba la opera la Paris. Ukumbi wa kuingilia ukaigwa kutoka kanisa la wafalme kule Versailles. Mtu amefanya kazi kiwandani wiki nzima anaingia hapo na tiketi yake ya kawaida, anapanda ngazi kama mfalme.

Usiku wa kwanza watu walikuwa wengi mpaka mshairi Carl Sandburg, mwenye wakati huo alikuwa mwandishi wa gazeti, aliripoti kwamba polisi wa farasi walihitajika kutuliza umati. Ndani kulikuwa na bendi ya watu 50 na kinanda kikubwa cha Wurlitzer, maana muvi za wakati huo hazikuwa na sauti. Na muvi yenyewe? Iliitwa The Sign on the Door. Yaani kwa Kiswahili ni kama "Bango Mlangoni". Msee, hiyo siwezi kutunga.

Kitu kingine kilivuta watu ni baridi. Barney Balaban alikuwa amewahi kufanya kazi kwa kampuni ya kuhifadhi chakula kwa baridi, na akajiuliza: kama tunaweza kupoesha nyama, tunashindwa aje kupoesha watu? Julai ya Chicago huwa jiko. Kabla viyoyozi vifike manyumbani, kulikuwa na watu wananunua tiketi ya kupata hewa, muvi ikawa mbogi tu ya kuwasindikiza. Ukipita nje ukiwa umelowa jasho na uone markii inawaka, hiyo haikuwa tangazo. Hiyo ilikuwa huruma.

Zile taa hazitembei

Sasa tuingie pale penye mimi nilishika kichwa.

Umeona vile taa za markii hukimbia? Zinazunguka ukingo kama zinafukuzana. Nganya za Rongai ziko na hiyo kitu, pale kwa dashibodi na kwa madirisha, kwa hivyo usijifanye hujui. Ukweli ni kwamba hakuna taa imesonga hata milimita moja.

Panga balbu tisa kwa laini. Ya kwanza, ya nne na ya saba zifunge kwa waya mmoja. Ya pili, ya tano na ya nane, waya mwingine. Ya tatu, ya sita na ya tisa, waya wa tatu. Halafu washa waya wa kwanza, zima, washa wa pili, zima, washa wa tatu, zima, rudi mwanzo. Fanya hivyo haraka. Jicho lako halitaona balbu tisa zikiwaka na kuzima. Litaona mwanga unatembea. Enzi hizo kazi ya kuwasha na kuzima ilifanywa na mota ndogo, ikizungusha gurudumu lenye vipande vya chuma vyenye viligusa waya mmoja baada ya mwingine. Hakuna kompyuta. Ni mota na balbu.

Jamaa anaitwa Max Wertheimer aliandika kuhusu huu udanganyifu 1912. Ubongo ukiona kitu hapa, halafu kitu kama hicho pale kando, kwa haraka, unaamua wenyewe kwamba ni kimoja na kimehama. Haukuombi ruhusa.

Na muvi ni nini? Muvi ni picha zimesimama, moja baada ya nyingine, 24 kwa sekunde, mpaka ubongo unakubali kwamba huyo mtu anakimbia. Ni ujanja uleule! Ina maana hiyo markii nje ilikuwa inakuonyesha muvi hata kabla utoe doh. Umesimama barabarani, mfuko umetoboka, na tayari show imeanza.

Hapo ndio mimi nafikiri siri iko. Vitu vyote vizuri vya hilo jengo, ngazi, kinanda, ile baridi, vilikuwa vya wenye tiketi. Markii peke yake ndio ilikuwa ya kila mtu. Watoto wa kuuza magazeti walikuwa nayo. Msichana anatoka kazi za usiku alikuwa nayo. Na ikawa inakuambia kitu kwa ukweli, kwa sababu herufi zilibadilishwa kwa mikono, mtu juu ya ngazi, na jina likipanda pale watu wote wa State Street wanajua leo Duke Ellington ako mjini. Simu yako saa hii inajua show zote za Nairobi, lakini inakuonyesha wewe zako, mimi zangu. Tunaweza kukaa kiti kimoja kwa mathree na kila mtu ako kwa mji wake.

Vile ilikaribia kuzima

Usidhani ilipendwa moja kwa moja. TV ilipoingia manyumbani na watu wakahamia nje ya mji, masinema ya katikati ya tao yakaanza kufa. State Street ilikuwa na mengine makubwa. Roosevelt ilibomolewa. State-Lake, ng'ambo tu ya barabara, ikageuzwa kuwa studio za TV. Yaani kile kitu kiliua sinema kikahamia ndani ya nyumba ya marehemu.

Chicago Theatre nayo ikawa kwa laini ya kungoja tingatinga. Iliwekwa kwenye orodha ya taifa ya majengo ya kihistoria 1979, mji ukaipa ulinzi wake 1983, lakini ulinzi haulipi stima. Septemba 1985 ikafungwa. Taa zikazima.

Kundi la watu likachanga pesa, likanunua jengo na lile la kando yake, likaanza kurekebisha. Septemba 10, 1986, hata mwaka haujaisha, milango ikafunguliwa tena na mwenye alipanda jukwaani usiku huo alikuwa Frank Sinatra. Sasa hawakurudia muvi. Muvi kule ziliisha. Ikawa nyumba ya muziki na vichekesho, na leo iko mikononi mwa watu wa Madison Square Garden ya New York. Ukipata ile ziara yao ya ndani, unaonyeshwa kuta za nyuma ya jukwaa zenye wasanii wameweka sahihi miaka na miaka.

Cheki kitu ingine. Kwa hilo bango la mbele kuna duara lenye alama kama herufi Y. Ukiwa mgeni unaipita. Hiyo ni alama ya mji, inaonyesha mto wa Chicago pale unagawanyika mara mbili. Ukijua tu, utaanza kuiona kwa madaraja na kwa nyumba za serikali. Kwa hivyo zile ndoto zangu za kanjo hazikuwa mbali sana.

Lakini si ni fake?

Hapa ndio nakuambia kitu chenye wengi hawasemi wakipost zile picha. Hiyo markii unaiona leo si ile ya zamani. Ile ya kwanza ya 1921 haikumaliza hata miaka miwili, wakaweka kubwa zaidi. Baadaye ikabadilishwa tena. Na 1994 wakatoa yote, kutu imekula, wakajenga mpya yenye inafanana na iliyotangulia. Ile nzee ikapelekwa kwa makumbusho ya Smithsonian.

Nilipogundua hiyo niliskia vibaya kidogo, kama vile unajua wigi ya mtu. Halafu nikafikiria nganya. Nganya ikizeeka inapelekwa kwa mafundi, bodi inatolewa, inapigwa rangi mpya, saa ingine hata injini si ileile. Lakini ikirudi barabarani na jina lake, makanga akining'inia mlangoni, hakuna mtu anauliza kama ni yenyewe. Unapanda.

Kuna ile markii ya ukweli yenye iko kwa makumbusho, kila mkwaruzo ni wake, na haisemi chochote. Na kuna hii ya nje, chuma chake hakijafika hata umri wa buda yako, na usiku wa leo ina jina la mtu. Mimi ukiniuliza, nachukua hii. Wasee wa makumbusho wanaweza kunichukia.

Na haikuwa rahisi kufanya hivyo. Kitu rahisi 1994 kingekuwa kutoa hayo machuma, kuweka bango la plastiki lenye tangazo la soda, na kusema jengo bado tumelihifadhi. Mtu aliamua kwamba umbo la taa ni sehemu ya jengo sawa na ukuta.

Sasa, Odeon

Nilitoka chuo mwaka wa pili, fee ilikataa, na kuna msimu mzima nilikuwa natembea tao bila kazi. Jioni napanda mathree Odeon kurudi mtaa. Siku moja binamu yangu kutoka ushago ananiuliza tupatane wapi, nikamwambia Odeon. Akaniuliza, "Odeon ni nini?"

Nikakwama. Nimeisema hiyo Odeon maelfu ya mara. Makanga wameniimbia masikioni. Kwa kichwa changu Odeon ilikuwa ni steji, basi, kama vile Ngara ni Ngara. Nilienda kuuliza mathe. Akacheka. Akaniambia, "Odeon ilikuwa sinema, wewe." Akaniambia vile walikuwa wanavaa viatu vya kanisani kwenda kuona muvi ya Kihindi yenye hawakuelewa hata neno moja, na vile ukitoka nje macho yalikuwa yanauma kwa jua. Nikamuuliza ilikuwa inakaa aje mbele, kulikuwa na taa, kulikuwa na jina? Akafikiria muda mrefu. Akasema jina lilikuwa kubwa. Hakukumbuka rangi.

Hiyo ndio iliniuma, kuliko kufungwa kwa sinema yenyewe. Sinema zinafungwa kila mahali, hata State Street zilifungwa. Ukienda Moi Avenue kuna jengo linaitwa Kenya Cinema na vijana wanapatana hapo nje kila siku, na muulize mmoja muvi ya mwisho aliona hapo. Tao yetu imejaa majina ya sinema yenye yanaishi kwa midomo ya makanga. Chicago walibakisha bango, wakabadilisha chuma. Sisi tulibakisha jina, bango likaenda na hakuna mtu alipiga hata picha ya kutosha kumkumbusha mathe rangi.

Sisemi mtu ajenge upya Odeon. Wenye stalls pale wana watoto wa kulisha. Lakini herufi tano na balbu kadhaa juu ya steji zingekula stima kiasi gani? Mtoto wa ushago angeona kutoka mbali, hangehitaji kuniuliza.

Anyway. Mbio ya Chicago huwa Oktoba, na huku kwetu inaonyeshwa kuanzia alasiri. Ukicheki ijayo, usiende kutafuta chai dakika za kwanza. Wangoje wavuke daraja la State Street, wapite chini ya reli ya treni yenye iko juu ya barabara, halafu uangalie mkono wao wa kushoto. Ni sekunde chache tu. Mimi nitakuwa nimeita mathe akuje aone.